Kinyago Kilichorudi: Historia ya Lipiko na Midimu ya Wamakonde

Mwezi Mei mwaka 2010 Tanzania ilikabidhiwa kinyago cha Kimakonde kilichokuwa kimeibwa kwenye Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam miaka 26 iliyotangulia. Kilikuwa kimevuka bahari, kikauzwa, kikaishia kwenye jumba la makumbusho la watu binafsi mjini Geneva, Uswisi. Kukirudisha kuliwashughulisha wakurugenzi, wanasheria, mabalozi na mashirika mawili ya kimataifa kwa miongo miwili mizima.

Habari ile ilishangiliwa, kisha ikapita kama zinavyopita habari nyingine. Haikustahili kupita hivyo. Atakayeifuata historia ya kinyago cha Kimakonde kuanzia uwanda wa juu wa Ruvuma hadi meza ya mkataba ataelewa kwa nini majumba ya makumbusho ya ng'ambo yamejaa kazi za mababu zetu, na kwa nini zinazorudi ni chache mno. Ataelewa pia kwamba sehemu kubwa ya ufunguo wa kuzirudisha tunayo sisi wenyewe.

Watu wa uwanda wa juu

Wamakonde wanaishi pande zote mbili za mto Ruvuma. Upande wa kusini, nchini Msumbiji, kitovu chao ni uwanda wa juu wa Mueda katika jimbo la Cabo Delgado. Upande wa kaskazini, nchini Tanzania, wako Newala, Tandahimba na sehemu nyingine za mikoa ya Mtwara na Lindi, kwenye uwanda unaobeba jina lao. Ni nchi ya vichaka vizito vya miiba na mchanga unaomeza mvua yote, kiasi kwamba tangu zamani akina mama walilazimika kuteremka mabondeni na kupanda tena na maji kichwani.

Shida hiyo ya maji ilikuwa na faida yake. Katika karne ya 19, misafara ya watumwa ilipokuwa ikielekea pwani, na vikosi vya Wangoni vilipokuwa vikishambulia vijiji vya kusini, vichaka vile vilikuwa ngome. Wengi walikimbilia juu, wakajenga, wakaoana na wenyeji, wakawa Wamakonde. Mila zilizokuzwa huko, zikiwemo za vinyago, zilikuwa mila za watu waliojilinda na kujitegemea, wasio na mfalme mmoja wa kuwaamuru wote.

Wamakonde wana simulizi yao ya asili, na ndani yake uchongaji umetangulia ndoa na uzazi. Inasimulia kwamba hapo mwanzo aliishi porini kiumbe mmoja peke yake, asiyeoga wala kunyoa nywele. Siku moja akachonga sanamu ya mwanamke kutoka kwenye gogo la mti, akaisimamisha karibu na maskani yake, akalala. Kulipokucha, sanamu ilikuwa mwanamke hai, akawa mke wake. Wakashuka mtoni kuoga na kujenga, lakini mtoto wao wa kwanza akafa. Wakapanda juu kidogo, wa pili naye akafa. Walipofika uwanda wa juu, mtoto wa tatu akaishi. Kwa hiyo wakajua kwamba mahali pao ni juu, mbali na mabonde yenye maradhi.

Simulizi hii inaeleza mengi. Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na heshima ya mwanamke aliye asili ya watu wote inaonekana katika kazi zao za mti. Haishangazi kwamba kimoja kati ya vinyago vyao vya ajabu zaidi si cha uso hata kidogo. Ni kinyago cha kiwiliwili: ubao uliochongwa kwa mviringo ukaonyesha matiti na tumbo la mja mzito, kitovu kimetokeza mbele, na chale zimechorwa tumboni. Hufungwa kifuani na mchezaji mwanamume, ambaye usoni huvaa sura ya mwanamke kijana, akacheza taratibu mambo ya ujauzito na uchungu wa kuzaa. Kazi ya aina hiyo ni ya Wamakonde wa upande wa Tanzania.

Siri ya jandoni

Huko Mueda kinyago huitwa lipiko, na vikiwa vingi ni mapiko. Jina hilohilo ndilo la ngoma yake. Kwa upande wa Tanzania, wachezaji waliovaa vinyago hujulikana zaidi kama midimu, na baadhi yao hucheza wakiwa juu ya mironjo mirefu. Kote kuwili, kinyago kilikuwa mali ya jando na unyago. Hakikuwa pambo la kutundika ukutani. Kilitoka kwa wakati wake, kikafanya kazi yake, kikarudishwa mafichoni.

Wavulana wa Mueda walipopelekwa likumbi, yaani jandoni, walikaa huko miezi kadhaa wakifundishwa kuvumilia, kuheshimu wakubwa, kulima na kuwinda. Tangu utotoni walikuwa wameambiwa kwamba lipiko ni marehemu aliyefufuliwa kutoka kuzimu. Walikua wakilikimbia. Mama zao nao waliambiwa hivyohivyo, na hata pale mwanamke mzima alipojua ukweli, alitakiwa kuonyesha hofu na kukimbia. Kisha siku ilifika ambapo wali, yaani hao vijana wa jandoni, walisimamishwa mbele ya lipiko, wakaamriwa kupambana nalo. Baada ya hofu na vishindo, kinyago kilivuliwa. Chini yake alikuwamo jirani, mjomba, au mtu wanayemsalimia kila asubuhi.

Hapo ndipo mtoto alipokuwa mtu mzima. Waswahili husema kinyago cha kuchonga mwenyewe hakimtishi mchongaji, na kwa kijana wa Kimakonde hilo lilikuwa somo alilolipitia kwa mwili wake. Alipewa siri, na pamoja na siri akapewa wajibu wa kuitunza. Akiifichua kwa wanawake au kwa wasiopitia jando, adhabu ilikuwa kali. Nguvu ya wanaume kijijini, mpaka kati ya wakubwa na wadogo, na uhusiano wa walio hai na waliokufa, vyote vilifungwa katika siri hiyo moja.

Mkono wa mchongaji

Wengi wetu tukisikia uchongaji wa Kimakonde tunafikiria mpingo: zile sanamu nzito, nyeusi, zinazong'aa. Kinyago cha kuchezea hakikuchongwa kwa mpingo. Kingemvunja mchezaji shingo. Mchongaji alitafuta mti mwepesi na laini, mara nyingi wa jamii ya msufi pori, akaukata na kuuchonga kwa siri, mbali na njia za akina mama. Alianza kwa shoka na tezo, akamalizia kwa kisu. Ndani alikomba hadi ukuta wa kinyago ukawa mwembamba, kichwa chote kikaweza kuvaliwa kama kofia ya chuma.

Lipiko la Mueda huvaliwa juu ya kichwa likiwa limeinama kidogo kwa nyuma. Uso wake huelekea mbele na juu, na mchezaji huona kupitia mdomo wa kinyago. Kitambaa hushonwa chini yake kikafunika shingo, na mwili mzima hufunikwa nguo, nyavu na njuga, ili ngozi ya mtu isionekane hata kidole. Kosa dogo la mavazi lingeweza kutoboa siri.

Kilichowashangaza wageni tangu mwanzo ni jinsi sura hizi zilivyofanana na watu. Vinyago vingi vya Afrika hugeuza uso wa binadamu kuwa maumbo. Lipiko linaweza kuwa picha ya mtu. Nywele za kweli, zilizonyolewa kichwani mwa watu, hubandikwa kwa nta. Chale za uso, ambazo Wamakonde wa zamani walichanjwa kwa ufundi mkubwa, huigwa kwa kuchonga au kwa nta nyeusi iliyobandikwa mstari kwa mstari. Sura za wanawake huwekewa pambo la ndonya kwenye mdomo wa juu. Meno yaliyochongoka yanaonekana. Anayetazama anaweza kusema huyu ni kijana, huyu ni bibi kizee, huyu anaumwa.

Halafu kuna ngoma. Kikundi cha wapiga ngoma hujipanga upande mmoja wa uwanja, wakiwa na ngoma za ukubwa mbalimbali, nyingine ndogo zenye mguu uliochongoka unaochomekwa ardhini na kupigwa kwa vijiti. Mchezaji hutokea mbali, husimama, hutikisa mabega, huingia kwa hatua fupi kali zinazokubaliana na ngoma moja baada ya nyingine. Kinyago bila ngoma hiyo ni nusu ya kazi. Yeyote aliyekiona kimekaa kimya ndani ya kioo ameona nusu hiyo tu.

Wageni wafika

Mwaka 1906 mwanaethnolojia Mjerumani Karl Weule alifika kusini mwa iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimewasha nchi mwaka mmoja tu kabla, na vilikuwa havijazimika kote. Weule alipita Masasi, Newala na Mahuta akiwa na kamera na mashine ya kurekodi sauti. Alipiga picha ngoma na wachezaji, akaandika simulizi, ikiwemo ile ya mwanamke aliyechongwa kutoka kwenye mti, na akakusanya vitu vingi sana kwa ajili ya jumba la makumbusho la Leipzig, ambalo baadaye aliliongoza. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1908 ni miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo zilizochapishwa kuhusu vinyago vya uwanda wa Makonde.

Ni haki kusema kwamba bila Weule tungekuwa na maarifa machache zaidi kuhusu enzi hiyo. Ni haki pia kukumbuka mazingira yake. Mtu aliyeuza kinyago chake kwa Mjerumani mwaka 1906, katika nchi iliyokuwa imetoka tu kuona vijiji na mashamba yakichomwa na jeshi la Wajerumani hao hao, hakuwa sokoni kama muuzaji huru. Na vinyago vilivyosafirishwa kwenda Ulaya katika zama hizo viliandikwa jina la kabila, na mara chache sana jina la mtu aliyevichonga.

Ng'ambo ya Ruvuma, Wareno walichelewa. Uwanda wa Mueda waliushika kwa nguvu kuanzia mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1924 mapadri wa shirika la Montfort walianzisha misheni ya Nangololo. Wamisionari wengi waliona mapiko kuwa ushirikina, wakawakataza waumini wao. Upande wa Tanganyika kulikuwa na njia tofauti: William Vincent Lucas, askofu wa Kianglikana wa Masasi kuanzia mwaka 1926, aliamua kutoliua jando. Aliliingiza kanisani, akaondoa aliyoyaona mabaya na kuweka sala badala yake.

Mapiko hayakufa kwa katazo. Yaligeuka. Karani wa kodi, padri, askari na Mreno mwenye kofia wote walichongwa, wakavaliwa, wakachezwa. Mtu ambaye mchana aliwatisha watu kwa kiboko, jioni alikuwa kichekesho uwanjani. Katika nchi ambayo kulalamika kulileta kifungo, ngoma ilisema yale yasiyosemeka. Kati ya mwaka 1957 na 1961 wanaanthropolojia wa Kireno Jorge Dias na mkewe Margot walifanya utafiti mrefu Mueda, wakaandika kwa kina kuhusu jando, vinyago na sura hizo mpya za wageni. Kazi hiyo bado inasomwa leo.

Mkonge, mpingo na vita

Kazi za shuruti na kodi za Wareno ziliwasukuma maelfu ya Wamakonde kuvuka Ruvuma. Wengi waliingia katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Wengine walifika hadi Kenya, wakakaa Kwale kwa vizazi bila uraia, hadi walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 kudai haki yao na kutambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Popote walipokwenda walibeba tezo na ngoma.

Pembezoni mwa Dar es Salaam wachongaji wahamiaji walikutana na soko jipya. Miaka ya 1950 mfanyabiashara Mohamed Peera alianza kununua na kuuza kazi zao, akiwahimiza wachonge wanavyofikiri. Mwishoni mwa muongo huo Samaki Likankoa alichonga umbo la ajabu ambalo linatajwa kuwa mwanzo wa mtindo wa shetani. Roberto Jacobo anatajwa kwa ule mtindo wa watu wengi waliopandana katika gogo moja, uliokuja kuitwa ujamaa. Sanaa hiyo ya mpingo ni tukufu, na imewalisha watu wengi hadi leo katika kijiji cha wachongaji cha Mwenge. Lakini ni tawi jingine. Ilizaliwa kwa ajili ya mnunuzi. Lipiko lilizaliwa kwa ajili ya mwali.

Jina la Wamakonde lilipovuma duniani kwa sababu ya mpingo, vinyago vyao vya jando navyo vilipanda thamani Ulaya na Marekani. Ni lazima tuwe wakweli hapa: si kila kinyago kilichoondoka kiliibwa. Lipiko lililochakaa liliwekwa kando na jipya likachongwa, na wapo wenyewe waliouza kwa hiari vile ambavyo kazi yake ilikuwa imekwisha. Lakini biashara inayolipa vizuri haisubiri kinyago kichakae, na mnunuzi wa mbali hana njia ya kujua kipi kiliuzwa na mwenyewe na kipi kilichukuliwa usiku.

Wakati huohuo Mueda iliingia katika historia ya Afrika kwa damu. Tarehe 16 Juni 1960 watu waliokusanyika mbele ya ofisi ya Wareno kudai uhuru walipigwa risasi. Wengi walikimbilia Tanganyika. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, na tarehe 25 Septemba 1964 vita vya ukombozi vilianza huko Chai, Cabo Delgado. Katika maeneo yaliyokombolewa watu waliendelea kucheza, na uhuru ulipopatikana tarehe 25 Juni 1975 mapiko yalikuwa ngoma ya ushindi. Wapiganaji na viongozi nao wakapata sura za mti. Siri ya zamani ililegea, na kadiri miaka ilivyopita vikatokea hata vikundi vya wanawake wanaocheza mapiko, jambo ambalo bibi zao wasingelifikiria.

Usiku wa wizi na miaka ya kusubiri

Makumbusho ya Taifa ya Tanzania iko mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 1940 kama kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza, na baada ya uhuru ikawa hazina ya taifa. Mwaka 1984, nchi ikiwa bado inahema baada ya vita vya Kagera na msukosuko wa uchumi, wezi waliivunja. Walichukua vitu 17. Kimoja kilikuwa kinyago cha Kimakonde.

Mwaka uliofuata, 1985, kinyago hicho kilinunuliwa na Jumba la Makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva, ambalo Jean Paul Barbier-Mueller alikuwa amelianzisha mwaka 1977 kwa kutumia hazina iliyokusanywa na baba mkwe wake, Josef Mueller. Jumba hilo lilishikilia kwamba lilinunua kwa nia njema, bila kujua kuwa ni mali ya wizi. Mwaka 1990 mtafiti wa Kiitaliano Enrico Castelli alikitambua: ndicho kile cha Dar es Salaam.

Mtu wa kawaida angedhani hapo shauri limekwisha. Mwizi ameiba, mali imeonekana, mwenyewe anajulikana, arudishiwe. Sheria haikwenda hivyo. Kwa sheria ya kiraia ya Uswisi ya wakati ule, aliyeibiwa alikuwa na miaka mitano tu ya kudai mali yake kutoka kwa mtu aliyeinunua kwa nia njema. Wizi ulikuwa wa 1984. Miaka mitano ilikwisha 1989. Kinyago kilitambuliwa 1990. Mlango wa mahakama ulikuwa umefungwa kabla mwenye mali hajajua iko wapi.

Kulikuwa na mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unaozuia biashara haramu ya mali za kitamaduni. Tanzania ilijiunga nao mwaka 1977. Uswisi, mojawapo ya vituo vikubwa vya biashara ya sanaa duniani, ilijiunga mwaka 2003, na sheria yake ya kuutekeleza ilianza kutumika mwaka 2005. Sheria hiyo mpya ilirefusha muda wa kudai mali za kitamaduni hadi miaka 30, lakini haikurudi nyuma kugusa ununuzi wa mwaka 1985. Nchi ya wanunuzi ilikuwa imechelewa zaidi ya robo karne baada ya nchi iliyoibiwa, na ucheleweshaji huo ukawa kinga ya wanunuzi.

Ikabaki njia ya mazungumzo. Yalianza, yakakwama, yakaanza tena. Hoja ngumu haikuwa fedha. Ilikuwa ni nani akubali nini: jumba la Geneva halikutaka kuonekana kuwa lilipokea mali ya wizi kwa makusudi, na Tanzania haikuwa tayari kupewa mali yake kama sadaka. Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka suala hilo mbele ya kamati ya UNESCO inayosimamia urudishaji wa mali za kitamaduni katika nchi zilikotoka. Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, likasaidia kupatanisha. Hatimaye, tarehe 10 Mei 2010, mkataba ulisainiwa katika ofisi za baraza hilo mjini Paris, na kinyago kikakabidhiwa kwa Makumbusho ya Taifa ya Tanzania.

Kwenye karatasi, makabidhiano hayo yaliitwa zawadi. Kwangu mimi neno hilo linauma, maana anayerudisha kilichoibwa hatoi zawadi. Lakini wajumbe wetu walifanya hesabu sahihi. Walichagua kinyago badala ya ubishi, na jambo walilolianzisha likawa mfano: baada yake hakuna anayeweza kusema kwamba muda ukipita mahakamani basi mazungumzo hayana maana. Barbier-Mueller nao wanastahili kutajwa kwamba, wakiwa na sheria upande wao, mwishowe walikiachia.

Kilichowezesha kurudi

Tujiulize basi: kwa nini kinyago hiki kilirudi, na vingine havirudi? Jibu liko wazi. Kilikuwa na mwenyewe anayejulikana, mahali kilipokaa panapojulikana, na mwaka wa kupotea unaojulikana. Mtafiti aliyekiona Geneva aliweza kusema ni cha nani. Kinyago kilichochukuliwa kwenye kibanda cha jandoni katika kijiji cha Tandahimba au Mueda, bila picha, bila maandishi, bila jina la mchongaji, hata kikionekana kesho kwenye mnada wa Paris, hakuna wa kusimama na kusema kwa ushahidi: hiki ni chetu.

Jirani zetu wa pwani ya Kenya wanatupa mfano wa pili. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa Kimijikenda akiwa na vigango viwili, yaani nguzo za mti za kumbukumbu, alivyowasimamishia ndugu zake marehemu. Muda mfupi baadaye vigango vikaibwa. Miaka mingi ikapita, Udvardy akakiona kimojawapo katika mikusanyo ya makumbusho ya Marekani, kisha cha pili kikagundulika pia. Mwaka 2007 vyote viwili vilikabidhiwa kwa familia. Kilichoshinda ni ile picha moja.

Hivyo ndivyo siri iliyolinda kinyago zamani inavyomfaa mwizi leo. Babu zetu walificha lipiko ili lisijulikane na walio nje ya jando, na mfumo ule ulifanya kazi maadamu kila mwanakijiji aliuogopa. Mwizi wa sasa hauogopi. Kwake yeye kitu kisichojulikana ndicho rahisi kuuza. Kuandika habari za kinyago hakulazimu kutangaza mafunzo ya jandoni; kunahitaji jina la mchongaji, kijiji, mwaka, aina ya mti, vipimo, alama au ufa unaokitofautisha na vingine, na picha safi ya mbele, ubavuni na nyuma. Hayo ndiyo mambo ambayo polisi wa kimataifa na makumbusho duniani huyatumia kutambua mali iliyopotea.

Haja ya kufanya hivyo ni kubwa zaidi sasa. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado imekumbwa na vita vilivyoanzia Mocímboa da Praia na kufika hadi Muidumbe, katikati ya nchi ya Wamakonde. Mamia ya maelfu ya watu wameyahama makazi yao. Mtu anayekimbia na watoto mgongoni habebi kinyago, na historia inaonyesha kwamba vita na umaskini ndivyo vinavyofungua njia ya wanunuzi wa usiku. Yanayopotea huko leo yataonekana kwenye masoko ya sanaa kesho.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Makumbusho zetu ziweke orodha zao zote, zenye picha, mahali ambapo watafiti na raia wanaweza kuziona, na zieleze kinyago pamoja na ngoma yake, siyo uso peke yake. Halmashauri za Mtwara na Lindi ziwatumie maafisa utamaduni wao kwenda kwa wazee, kwa ruhusa ya wazee hao, na kuandika majina ya wachongaji walio hai na waliokufa, maana ni aibu kwetu kuendelea kuwaita kwa jina la kabila kama alivyofanya mkoloni. Na wewe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu kuna kinyago, kigango, kiti cha enzi au ngoma ya babu, kipige picha wiki hii, kipime, muulize mzee mwenye umri mkubwa zaidi katika ukoo jina la aliyekitengeneza, andika, na nakala moja uiweke kwa ndugu anayeishi mbali. Kilichoandikwa kinaweza kudaiwa.